Sabufa Hazina Kosa, Kosa ni Namna Tunavyoziseti

Nilipotea kidogo, wiki mbili hizi testi zilibana kwelikweli, ila nimerudi na leo nina jambo la kusema. Wale wa hosteli yetu mnalijua tayari. Kamati imebandika tangazo pale kwenye ngazi: kikao ni Alhamisi ijayo saa moja jioni, na ajenda namba tatu ni "kupiga marufuku sabufa vyumbani". Yaani haizungumzii kupunguza sauti, inazungumzia kuziondoa kabisa. Mwenye nayo airudishe kwao au atafute mteja.

Kabla sijatoa msimamo wangu niwe mkweli: walioleta hoja hiyo hawajakurupuka. Kuna kaka mmoja wa mwaka wa nne uhandisi, yuko kwenye projekti yake ya mwisho, na chumba cha chini yake kina sabufa ya nguvu. Nilienda kwake Jumapili kuazima charja nikaona glasi ya maji mezani inacheza viduara. Saa sita usiku! Halafu akaniambia neno ambalo limenikaa kichwani mpaka leo: "Mdogo wangu, ningekuwa nausikia wimbo wenyewe labda ningevumilia. Mimi nasikia dum dum tu." Huyo mtu ana haki. Amelipia kitanda kama sisi wote, na bumu lake halimtoshi kwenda kupanga mtaani.

Lakini marufuku naipinga. Msimamo wangu ni huu: sabufa iliyosetiwa vizuri, ikapatanishwa na spika zake, ni kitu ambacho humsumbui nacho mtu na wewe mwenyewe huwezi hata kusema iko wapi chumbani. Zinazotutesa ni zile zilizotupwa kona chini ya kitanda na kufunguliwa mpaka mwisho. Tunataka kuvichoma vitanda kwa sababu ya kunguni, wakati dawa ipo.

SABUFA NI NINI HASA

Kwa Kiswahili chetu cha mtaani neno hili limemeza kila kitu. Nenda Kariakoo useme "nataka sabufa", utaletewa boksi moja kubwa lenye vitufe, rimoti, sehemu ya flashi, bluetooth, na vispika viwili vidogo vya pembeni. Mzigo wote huo tunauita sabufa. Sawa, lugha ni ya watu. Ila kwa leo naomba tutenganishe, manake ugomvi wote umejificha hapo.

Sabufa yenyewe ni spika moja tu kwenye hilo boksi, ile kubwa, na kazi yake ni sauti za chini kabisa. Sikio la binadamu husikia kuanzia mitetemo kama 20 kwa sekunde (hiyo mitetemo kwa sekunde ndiyo tunaita hezi) mpaka kama 20,000. Eneo la sabufa ni pale chini, kuanzia 20 mpaka 80 hivi au 100. Kamba nene kabisa ya gitaa la besi la kamba nne hutoa hezi 41. Gitaa la kawaida huanzia 82. Mwanaume akiongea, sauti yake ya chini huanzia karibu na 85. Kwa hiyo sabufa halisi haina biashara yoyote na mtangazaji wa mpira. Yeye ni kazi ya spika zile nyingine, ambazo mimi naziita spika za sauti zote, zinazojaribu kubeba kila kitu kuanzia filimbi mpaka ngoma.

Sasa angalia vile vispika vidogo. Koni ya inchi tatu haiwezi kushuka. Kuna kanuni moja ya fizikia hapa, haina huruma: ukitaka spika ishuke oktavu moja chini kwa ukali uleule, koni inabidi isafiri mara nne zaidi, mbele na nyuma. Kikoni kidogo hakina pa kusafiri, kwa hiyo kwenye hezi 150 au 200 hivi kinasalimu amri. Mtengenezaji anafanyaje? Analipandisha boksi kubwa lije huko juu kuziba pengo. Ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu sauti ya chini ya hezi 80 sikio halijui vizuri inatokea upande gani, lakini ikipanda kuelekea 150 na 200 linajua. Matokeo yake msanii anaimba nusu mezani, nusu chini ya kitanda. Umeshawahi kusikiliza taarifa ya habari kwenye sabufa ukaona kama msomaji amefungiwa ndani ya pipa? Ndiyo hiyo.

Wenzetu wa sinema waliliona hili zamani. Viwango vya THX, vilivyoanzishwa mwaka 1983 kwenye kampuni ya George Lucas, vilikuja kuweka mpaka wa mifumo ya nyumbani kwenye hezi 80: chini ya hapo sabufa, juu ya hapo spika nyingine. Hawakuokota namba hiyo barabarani. Hapo ndipo unaweza kuificha sabufa popote na mtu asijue imejificha wapi.

Na tukiwa bado dukani, zile wati elfu tano zilizoandikwa kwenye boksi zisikutishe. Geuza kifaa nyuma, soma kibandiko cha umeme. Utakuta kinakula wati 50 au 60 kwa jumla. Mashine haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya inachokula, hata mama ntilie analijua hilo. Ukitaka kulinganisha vifaa uliza wati za RMS, hizo nyingine ni mapambo.

KUPATANISHA

Chumbani kwetu mwenzangu alipata spika mbili za mtumba, zile za maredio makubwa ya zamani. Boksi la mbao, koni ya inchi sita na nusu, twita juu yake. Amplifaya ndogo ya kawaida. Na sabufa inayojitegemea, yenye kitufe cha krosova nyuma, yaani kile cha kuchagua iishie hezi ngapi. Mwenzangu huyo anapiga gitaa la besi kwenye kwaya, na shida yake ilikuwa moja tu: anataka kuisikia NOTI, asisikie mtikisiko. Aige laini za besi za nyimbo za dansi za zamani, za akina Msondo na Sikinde, bila kubahatisha. Tulikaa jioni mbili tukazipatanisha. Nawapa tulivyofanya, kila mtu anaweza.

Kwanza, zima sabufa. Ndiyo, zima. Weka wimbo unaoujua vizuri na usikilize spika za sauti zote peke yake. Kama peke yake ni mbaya, sabufa haitaziokoa, nenda ukatafute spika. Kama ni nzuri, sikiliza zinaishia wapi. Kuna programu za bure za simu zinazotoa toni, unashusha namba polepole: 120, 100, 90, 80, 70. Zetu zilianza kunywea kwenye 80 hivi, zikifika 60 zimeshakwenda zao.

Pili, weka krosova ya sabufa pale spika zinaponywea, usipande juu yake. Wengi wanafungua kitufe mpaka 150 au 200 wakidhani wanaongeza besi. Unachoongeza ni msongamano. Sabufa na spika zinapiga noti zilezile kwa pamoja na sauti inakuwa nzito kama uji uliolala. Kukabidhiana kijiti ni lazima, kama relei. Fani yenyewe ya kukabidhiana imesomewa kweli: mwaka 1976 Siegfried Linkwitz, injinia wa Hewlett-Packard, alichapisha kazi yake juu ya vichujio ambavyo pande mbili zinakutana kwa hatua moja na jumla yake inakuwa tambarare, bila kilima wala shimo. Kichujio chenye jina lake na la mwenzake Russ Riley kinatumika mpaka leo kwenye spika za kumbi kubwa duniani.

Tatu, fezi. Nyuma ya sabufa nyingi za kujitegemea kuna swichi ya 0 na 180. Watu hawaigusi kabisa. Fikiria daladala imezima njiani: wawili mko nyuma mnasukuma, halafu mmoja yuko mbele naye anasukuma kuja kwenu. Gari litaenda? Ndivyo ilivyo sabufa ikienda mbele wakati spika zinarudi nyuma. Zinauana. Piga toni ya hezi 80, kaa mahali unapokaa siku zote, mwenzako ageuze swichi huku na huku. Upande ambao toni inasikika kubwa zaidi ndio wenyewe. Dakika moja tu. Hakikisha pia waya mwekundu na mweusi kwenye spika zote mbili ziko sawasawa, manake mmoja ukigeuzwa besi inakimbia hivihivi na utailaumu sabufa bure.

Nne, kiwango. Anza na sabufa kwenye sifuri, wimbo unaendelea, halafu ipandishe polepole. Utafika mahali utasema "aha, naisikia." Rudisha nyuma kidogo. Hapohapo. Ukiona mgeni anaingia chumbani na neno lake la kwanza ni "mna sabufa kali", ujue imezidi. Akisema "mna muziki mzuri", umepatia. Jaribio la mwisho ni kuizima ghafla katikati ya wimbo: muziki unatakiwa kupwaya kama shati la kuazima. Ukiiwasha tena, unajaa. Lakini wakati ipo hukuwa unaifikiria.

Wenye zile seti za Kariakoo zisizo na krosova msinung'unike, na nyie mna pa kuanzia. Toa boksi chini ya kitanda, lipandishe mezani katikati ya vile vispika viwili, karibu kabisa. Sauti zote zitatoka upande mmoja na yule msomaji wa habari atatoka kwenye pipa. Halafu kitufe cha besi kirudishe chini ya nusu. Utashangaa.

Onyo dogo: msichanganye spika za bluetooth na sabufa ya waya. Bluetooth inachelewesha sauti, mara nyingi sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Besi inatangulia, mwimbaji anafuata kama mtu aliyechelewa ibada.

CHUMBA NACHO NI SPIKA

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde kwenye joto letu hili. Gawanya kwa hezi 40, unapata wimbi la urefu wa mita 8 na nusu. Chumba chetu kina urefu wa mita nne kwa upana wa tatu. Wimbi halienei! Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na jingine. Kwenye masafa fulani linajipanga na kuvuma. Kwa mita nne ni karibu hezi 43, kwa mita tatu ni karibu 57. Sasa noti ya F ya chini kwenye gitaa la besi ni hezi 43.7. G ni 49, A ni 55. Kwa hiyo chumbani kwetu F na A zinavuma kama meli inaondoka bandarini, G katikati yake inanywea. Mpigaji kapiga zote kwa nguvu moja, chumba ndicho kinachopendelea. Ndiyo maana kwenye vyumba vingi nyimbo zote zina besi moja, dum ileile. Unasikia chumba, husikii mpigaji.

Na ukitaka kufanya ubaya huo uwe mkubwa kuliko wote, weka sabufa kona. Kona inachochea mivumo yote kwa mara moja. Inakupa besi nyingi ya bure, ndiyo maana watu wanaipenda, lakini ni besi inayoning'inia hewani baada ya ngoma kupigwa. Kwa wapenzi wa singeli hii ni sumu. Singeli inakwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Tuseme 240: hiyo ni ngoma nne kila sekunde, robo sekunde tu kati ya moja na nyingine. Kama chumba bado kinavuma ya kwanza wakati ya pili inaingia, huna singeli tena, una mashine ya kusaga. Amapiano nayo ina zile besi ndefu za chini, ukiwa kona zinameza wimbo mzima.

JIRANI

Turudi kwa kaka yetu wa projekti. Kwa nini anasikia dum dum tu? Kwa sababu ukuta ni kichujio. Sauti za juu, matari, kinanda, mashairi, zinazuiliwa vizuri na tofali. Besi inapita kama haijaona kitu, tena sisi na joto hili madirisha wazi usiku kucha. Jirani anapewa mifupa ya wimbo bila nyama. Zile trei za mayai watu wanazobandika ukutani hazisaidii kwa hili. Zinapunguza mwangwi wa sauti za juu kidogo, besi haijui hata kama zipo. Kipande cha godoro chini ya sabufa kinasaidia kiasi, kwa sababu kinazuia boksi kutikisa sakafu moja kwa moja, lakini sauti iliyoko hewani bado itapita.

Kuna jambo jingine linalotuponza, ni la masikio yetu. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Bell Labs kule Marekani walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Ndiyo maana usiku ukipunguza muziki unaona umekuwa mwembamba, mkono unaenda wenyewe kwenye kitufe cha besi. Wewe unaona umepunguza. Jirani, ambaye anapata besi tu, hajaona mabadiliko yoyote.

Dawa ninayoipenda kuliko zote haina gharama: isogeze sabufa karibu na wewe. Badala ya kuwa mita tatu kule kona ikisukuma chumba kizima ili wewe usikie, iweke nyuma ya kiti, nusu mita kutoka ulipo, mbali na ukuta wa jirani. Wewe unapata besi yako yote, chumba kinapata kidogo, jirani anapata kidogo zaidi. Kwetu kitufe kilirudi kutoka saa sita mpaka saa tatu na mwenzangu wa kwaya akasema noti anazipata vizuri kuliko mwanzo. Angalizo moja: ukiisogeza, rudia jaribio la fezi. Sisi sabufa ilikuja karibu kuliko spika kwa mita mbili hivi, na kwa hezi 80 wimbi lina urefu wa mita 4.3, kwa hiyo mita mbili ni karibu nusu ya wimbi. Swichi ikabidi iende 180. Hesabu za kidato cha tano zilikuwa na kazi kumbe.

WANAOPINGA

Nawajua wasomaji wangu. Wa kwanza atasema, "Bila kuisikia kifuani hiyo sio besi." Kaka, nakuelewa. Mwaka 1974 huko Marekani walitoa filamu ya Earthquake na kuifungia masubufa makubwa kumbini, mfumo uliitwa Sensurround, ili watu wahisi tetemeko kwenye viti. Lakini ule ulikuwa ukumbi, kila aliyekuwemo alikata tiketi. Jirani yako hajakata. Ya kifuani nenda ukumbini, au omba ruhusa Jumamosi ufanye sherehe watu wajue.

Wa pili atasema, "Si wavae tu earphone?" Hili ndilo linalopendwa na kamati. Kwanza, earphone nazo zina yake: Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtu anayetaka besi kwenye earphone za bei chee hubana sauti mpaka mwisho. Pili, na hili kwangu ndilo kubwa, huwezi kusikiliza muziki na mwenzako kwa earphone. Jumapili jioni chumbani kwetu wanajaa watu saba, nane. Mmoja analeta taarabu ya Culture Musical Club, ile besi kubwa ya kusimama inatembea chini ya ganuni. Mwingine analeta Remmy Ongala. Wa mwaka wa kwanza, ambaye wiki ya kwanza alikuwa haongei na mtu, siku hizi ndiye anayebishana kuliko wote juu ya nani alipiga solo. Hakuna somo lolote lililowakutanisha wale. Ukipiga marufuku sabufa, kila mtu anarudi kwenye kona yake na simu yake, hosteli inakuwa stoo ya wanafunzi.

Wa tatu atasema sheria nyepesi zimeshindikana, waliambiwa wapunguze hawakupunguza. Hapa nakubali nusu. "Punguza sauti" sio sheria, ni malalamiko. Sauti ipi? Mpaka wapi? Kila mtu ana jibu lake. Tunahitaji kitu kinachopimika.

NINACHOPENDEKEZA KIKAONI

Moja: sabufa isikae kona, isiguse ukuta wa jirani, na iwe juu ya kitu laini, hata kipande cha godoro la zamani.

Mbili: kipimo cha jirani. Mwenye sabufa anaweka wimbo wenye besi, jirani wa ukuta na wa juu na wa chini wanasimama vyumbani kwao milango imefungwa. Wanakubaliana kiwango. Vitufe viwili, cha sauti na cha besi, vinawekewa alama ya kalamu isiyofutika. Wanasaini. Baada ya hapo hakuna ubishi, ni kuangalia alama.

Tatu: saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi sabufa inazimwa, spika za sauti zote zinaweza kuendelea taratibu. Hapa ndipo faida ya kuwa na spika zinazojitegemea inapoonekana: unazima besi na bado una muziki. Wa seti za Kariakoo warudishe besi sifuri.

Nne: wiki za mitihani ni kimya cha sabufa siku nzima, isipokuwa Jumamosi saa kumi mpaka kumi na mbili jioni. Watu wapumue.

Tano: atakayekamatwa mara mbili, sabufa yake inakaa ofisini kwa wodeni mpaka mwisho wa semista. Ya kwake, sio ya hosteli nzima.

Kaka wa projekti nimemsomea mapendekezo haya. La pili amelipenda, la tatu anataka liwe saa tatu usiku, tutabishana kikaoni. Na wenye sabufa, nawaomba kabla ya Alhamisi mfanye kazi moja: toeni maboksi kona. Tukienda kutetea sabufa wakati glasi za watu zinacheza juu ya meza, tumeshapigwa kabla ya kuhesabu kura.

Asiyeelewa mambo ya krosova na fezi agonge kwetu jioni yoyote baada ya saa kumi na moja, tutakuja kumsetia bure, soda tu. Njooni na maoni, hata ya kupinga.

Ni hayo tu wadau. Tukutane Alhamisi.